Mguu wa Kulia, Fremu ya Sita

Kwa baba yangu mpendwa,

Shikamoo, baba. Ipokee mara mbili, moja yako na moja ya mama, maana najua amesimama nyuma yako akichungulia. Mimi mzima; kile kikohozi nilichoondoka nacho hapo nyumbani kimeniacha. Je, wewe hujambo? Nauliza kwa dhati, na safari hii usinijibu kwamba u mzima kama chuma.

Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu unanishinda. Nikianza neno zito unatia mzaha, nacheka, na neno linapotea. Karatasi haikatizwi.

Uliniuliza chuoni tunafanya nini hasa, ukasema wewe unapaka rangi nyumba nzima kwa siku tatu na mimi wiki nzima nachora kofia moja. Ni kweli. Pikseli ni miraba midogo inayounda picha kwenye kompyuta, na sisi huchora kwa miraba michache kiasi kwamba kila mmoja lazima ujieleze. Mwalimu wetu, tunayemwita Bi Mraba naye anajua, haturuhusu kugusa kompyuta kabla ya kukitazama kitu nusu saa. Mwezi wa kwanza nilichora kikombe tu, kwa rangi nne. Nilitia giza pembeni kote, nikaacha weupe katikati, nikajiona fundi. Bi Mraba akaniuliza hicho ni kikombe au mto wa kulalia, na jua liko upande gani. Nilikasirika. Kisha nikakaa na kikombe dirishani asubuhi nzima, nikaona kwamba hata upande wa giza una mwanga kidogo unaorudi kutoka mezani. Hasira zikaisha.

Muhula huu zoezi ni mtu anayetembea: fremu nane, picha ndogo zinazofuatana haraka hadi jicho lidanganyike. Ndiyo maana likizo nilikuomba utembee kutoka getini hadi mlango wa jikoni nikikupiga video. Ulivaa kofia mpya, ukabana tumbo, mama akasema unatembea kama mgombea aliyeona wapiga kura.

Wengi wetu huchora fremu nne za mguu wa kushoto, kisha huzigeuza ziwe za kulia, kwa kuwa miguu ya mtu ni pacha. Nami nilifanya hivyo. Bi Mraba akasema huyo ni mwanamume yeyote mwenye kofia, baba yangu yuko wapi? Jirani yangu wa meza akadakia kwamba labda mzee yuko likizo, darasa zima likacheka. Bi Mraba akaniagiza nichore fremu zote nane kwa kutazama, tena nitafute mahali kwenye video ambapo mwenyewe hajui anatazamwa.

Mahali hapo palikuwepo. Ulipofika jikoni ulidhani nimezima simu, ukarudi getini kuchukua ndoo. Nikaisimamisha video hatua kwa hatua. Mtu wangu ana urefu wa miraba thelathini na miwili. Mguu wa kushoto ukipita, kiatu huinuka mraba mmoja. Katika fremu ya sita, zamu ya mguu wa kulia, hakiinuki. Nilidhani nimekosea, nikarudia mara tatu. Ncha ya kiatu inaburuta, na mkono wako unagusa ukuta kidogo tu, kama unapima rangi imekauka. Hivyo ndivyo ulivyotuficha sote. Fundi rangi akigusa ukuta, nani atashangaa?

Nilichora nilichokiona. Bi Mraba alitazama fremu zote nane, kisha akaniuliza taratibu kama baba yangu bado anapanda ngazi.

Baba, hiyo ilikuwa wiki saba zilizopita. Nilinyamaza, wala si kwa kukustahi. Nilijua ukishuka ngazini usipande tena, wa kurudi nyumbani kuwasaidia ni mimi, mtoto wenu wa pekee, nami sikutaka kurudi. Kila siku nilikaa nikirekebisha kivuli cha mguu ule, nikisifiwa, na wewe uko juu ya ngazi. Nisamehe.

Jana mama alinipigia kwa furaha kuniambia kwamba umepata jengo la ghorofa tatu, kupaka nje, unaanza Ijumaa. Nimeomba ruhusa. Nitafika Jumatano, na Alhamisi tutakwenda kwa daktari sote watatu. Ukikataa kumweleza, video itamweleza. Kompyuta nakuja nayo. Bi Mraba ameniruhusu nimalizie kazi nyumbani, hata ikichukua muhula mzima. Huenda ni mshipa tu. Sijui ni nini, ila nimechoka kujifanya sikuona.

Namkabidhi barua hii binamu anayesafiri kesho. Ombi langu ni moja: usipande. Ukiona haya kumwambia mwenye jengo, nisingizie mimi. Sema una binti mwenye wazimu, amekukataza, na huwezi kumshinda.

Msomee mama yote, hata pale paliponiaibisha. Mwambie asinitandikie chumbani kwangu. Nitalala naye, tuna mengi. Wasalimu majirani wote wanaoniulizia.

Ni mimi binti yako,
ninayekuja Jumatano.