Tangazo Ambalo Ngina Hakuliona

Kianda, Kibera
Alhamisi mchana

Kwako Ngina, dada yangu wa chumba cha mkabala,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi Ruweida, na kutoka kwa wote wa ploti hii waliokujua tangu ukiwa na meno ya utotoni. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mgongo ule unaokusumbua ukikaa sana kwenye cherehani umepata nafuu. Kazi inaendeleaje huko mtaa wa Kongo? Valerie ananiambia shule zikikaribia kufungua hampati hata nafasi ya kunywa chai kwa wingi wa yunifomu, nami nimefurahi kusikia hivyo. Sisi huku ni wazima wa mwili. Dada yetu Hayat anakusalimu kutoka kwake Ayany. Ana mimba ya miezi saba na hasira zake ni zile zile.

Utashangaa kuona karatasi wakati simu ziko. Nimekupigia mara nyingi, haiingii. Nimetuma ujumbe, haufiki. Nimeelewa kwamba umenifungia kila mahali, na sikulaumu hata kidogo. Ndiyo maana nimemwomba Valerie, kwa kuwa kibanda chake kimepakana na chako, akukabidhi hii mkononi. Tafadhali usiichane kabla hujafika mwisho. Jumapili hii tunasoma arobaini ya Mama, na nina neno ambalo lazima likufikie kabla ya siku hiyo.

Nianze na Mama mwenyewe, kwa sababu najua hakuna aliyekusimulia. Aliugua siku nne tu. Ijumaa alilalamika kifua, Jumamosi hakuweza kusimama kuswali, na daktari akatuambia moyo umechoka, tumtunze nyumbani. Jumanne alfajiri akakata roho, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Hayat. Desturi yetu unaijua, sisi hatulazi maiti. Kufikia saa sita wanawake walikuwa wameshamwosha na kumvika sanda, na ilibaki alasiri tu wanaume wambebe kwenda makaburini. Kaka yetu Abdulhamid akatuuliza kama kuna mtu wa kusubiriwa kabla ya kumfunika uso. Sote tulitaja jina lako. Nani mwingine? Wewe uliyekula sahani moja nasi tangu darasa la tatu, wewe ambaye Mama alikufundisha kusuka tabaga, vile vifuniko vyetu vya chakula vya rangi, mpaka akawa anawachokoza wasichana wa Kinubi kwamba Mkamba amewashinda kazi yao. Tulisubiri nusu saa nzima. Kisha Abdulhamid akasema basi, marehemu hacheleweshwi.

Tangazo nilikuwa nimeliweka saa moja asubuhi kwenye Jukwaa la Kianda, kule kwenye simu ambako watu elfu sita tunapata habari za maji kukatika, moto, mtoto aliyepotea na misiba. Pole zilimiminika chini yake, zaidi ya mia mbili, hata za watu walio Mombasa. Yako haikuwepo. Kila aliyekuja kutuhani alikuulizia, na kila mara jibu la nyumba lilikuwa kwamba Ngina lazima ameona, Ngina huwa wa kwanza kuona kila kitu kwenye jukwaa. Abdulhamid alikuwa akisikia hayo mara kumi kwa siku, na kila mara moyo wake ulizidi kuwa mgumu juu yako.

Siku ya kumi na nane ukaja. Nilisikia baadaye kwamba habari ulipewa na mteja aliyekuja kupimwa rinda, na ukaacha cherehani vile vile ukaja mbio. Ulisimama langoni na sukari yako na majani, umejifunga leso kichwani, machozi yanakutoka. Abdulhamid hakukufungulia. Alikuambia mbele ya wapangaji wote kwamba mazishi yalikuwa saa kumi, si siku ya kumi na nane, na kama umekuja kula arobaini basi umewahi sana. Ukaapa kwa kiapo chetu, “Wallahi Abdul, mimi sikuona kitu! Ningeona ningekaa aje?” Mbuvi wa kibanda cha mkaa akacheka, akasema watu elfu sita waliona, macho yako tu ndiyo yalikuwa na shida.

Mimi nilikuwa ndani, Ngina. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia la sebule, hatua nane kutoka pale ulipokuwa. Nilikuona ukiweka sukari chini kando ya lango na kuondoka.

Sasa nikukumbushe mwezi wa pili. Wasimamizi wa jukwaa waliuliza wanachama kama mtu aruhusiwe kumfungia mwenzake, na mjadala ule ukatugawanya mtaa mzima. Mimi nilisema aruhusiwe, tena nilisema kwa herufi kubwa. Wewe ukapinga. Ukaandika, “Hii jukwaa ni ya kila mtu. Kama umeongea mbele ya watu, kubali watu wakujibu. Ukitaka kuchagua nani akusikie, fungua group ya watu wa kwenu. Ruweida, umezidi kudeka.” Yule Collins wa humo jukwaani akaweka nyuso za kucheka chini ya maneno yako, safu nzima.

Hukujua Collins alikuwa amenifanyia nini. Tangu nilipoandika juu ya watu wanaokata mabomba ya maji, kila nilichoweka yeye alikuja chini yake na maneno juu ya makalio yangu. Kisha akaja kwenye ujumbe wa siri na mambo ambayo hata hapa siwezi kuyaandika. Akachukua picha yangu ya harusi ya Hayat akaisambaza na maneno yake. Nilikuwa naogopa kufungua simu mbele ya Mama. Sikukuambia kwa sababu niliona aibu, na pia, niseme ukweli, nilitaka unitetee bila kujua sababu. Kukuona umesimama upande mmoja na yule mtu kuliniuma kuliko matusi yake.

Tulishinda kwa kura. Siku hiyo hiyo nikamfungia Collins, nikapumua kwa mara ya kwanza tangu Krismasi. Kisha, hasira zikiwa bado kichwani, nikakufungia na wewe.

Ndiyo. Ni mimi. Hukuona tangazo la Mama kwa sababu mimi, kwa kidole changu, nilikuwa nimekufungia.

Nilidhani maana yake ni mimi kutoona maneno yako. Nilijiona nimeziba masikio yangu, kumbe ni wewe niliyekuziba macho, usione ninachoandika wala chochote watu wanachoandika chini yake. Nilijiambia ni ya siku mbili, hasira zipoe. Siku mbili zikawa miezi, kila mmoja wetu akimngoja mwenzake aanze, nami nikasahau kabisa kwamba sijakufungulia. Mama alipougua niliandika jukwaani kwamba anaomba wanaompenda waje kumwona. Ngina, tangazo lile nilikuwa nakuandikia wewe peke yako. Nilitaka uje bila mimi kukuita, ili nisilazimike kukuomba msamaha kwanza.

Na kuna jingine, ambalo ni baya zaidi. Jumatatu mchana Mama aliniuliza kama unajua kwamba anaumwa. Nikasema unajua. Akauliza umesemaje. Nilikuwa nimejaa kiburi, naamini kabisa kwamba umesoma ukanuna, nikamwambia una kazi nyingi, shule zinakaribia kufungua. Hayat akachukua simu ili akupigie yeye mwenyewe. Mama akamzuia. Akasema mwacheni mtoto, mtu akiwa kazini asisumbuliwe, atakuja akimaliza. Hayat akaweka simu chini, na haikuinuliwa tena. Mama ameondoka akidhani ulichagua cherehani, na hakukukasirikia. Alikuombea baraka ya kazi.

Siku ya tatu ya msiba nilizisoma pole zote, moja moja, nikitafuta jina lako ili nipate kukuchukia vizuri. Nikaingia kwenye ukurasa wako na hapo nikaona imeandikwa kwamba nimekuzuia, na kwamba niliyemzuia haoni ninachoandika. Kwa hiyo siku ile uliposimama langoni ukiapa, katika ploti nzima ni mimi peke yangu niliyejua kwamba unasema kweli.

Leo asubuhi nimemwambia Abdulhamid yote. Aliniuliza swali moja tu, kama nilikuwa nimeshajua pale alipokuwa akikufukuza. Nikasema ndiyo. Akavaa kofia akatoka. Amerudi baada ya adhuhuri, akaniambia kwamba Jumapili, kabla ya kisomo kuanza, nitasimama mimi mwenyewe niwaeleze watu, na kwamba Jumamosi atakuja Kongo kukuomba radhi uso kwa uso. Hayat naye amelia, kisha akanitukana kwa Kinubi, matusi ambayo Mama angempiga kofi kwa ajili yake.

Usidhani nimegeuza kura yangu. Mtu kama Collins afungiwe leo na kesho, na ukisikia aliyoniandikia najua utakubali. Lakini msiba wa Mama haukuwa maneno ya Ruweida ya kuchagua nani ayasikie. Nilipaswa kuinua simu. Ilikuwa dakika moja tu, na nilikuwa na siku nne.

Msalimie kaka yako Kaloki ukimwona, na Valerie umshukuru kwa niaba yangu, kwani anabeba mzigo asioujua. Jumapili ni saa tano. Mahali pako ni ndani, chumbani kwa Mama, pamoja na wanawe, na Abdulhamid mwenyewe atakuwa langoni kukupokea. Kama huwezi kuniangalia, mwambie Valerie neno moja tu, hapana. Nitawaeleza watu yangu mapema, kisha nitatoka niende nikakae kwa Hayat, Ayany, mpaka umalize kumsomea Mama na uondoke. Safari hii, wa kufungiwa nje ni mimi.

Niliyekukosea,
Ruweida