Udongo wa Josho Umefika Hadi Jikoni

Alhamisi, Litein. Mvua inanyesha tangu asubuhi, ile nyembamba isiyokatika, na moyo wangu uko hivyo hivyo.

Leo nimeng'oa mboga za mama.

Niandike taratibu nisije nikajichanganya. Nyuma ya steji ya matatu kulikuwa na josho la zamani, mahali ng'ombe wa wazee wetu walikuwa wakitumbukizwa kwenye dawa ya kupe. Josho lilikufa, mji ukalizunguka, na sasa panajengwa soko. Kabla ya kujenga, ilibidi udongo wenye sumu uchimbwe na kupelekwa mbali. Walikuja watu wenye glavu na barakoa, wakazungusha mabati. Lakini dereva wa lori ni mtu wa hapa hapa, na udongo ulikuwa mweusi, umelaliwa na samadi miaka na miaka. Nani huku kwetu ataona udongo kama huo ukienda kutupwa anyamaze? Mama alimsimamisha langoni, akamwomba amwage kidogo. Akamwaga wote, akapewa chai.

Managu, yaani mnavu, alizopanda humo zilikuja nene ajabu. Mama akawagawia akina mama wa kanisa udongo, ndoo kwa ndoo. Na Cherop, binti yangu anayeanza kutembea, akawa analishwa managu na mama, ambaye kwake ni kogo, nyanya yake, karibu kila siku, zimetiwa maziwa na kupondwa na ugali.

Jana afisa wa afya alipita akiufuata ule udongo. Alisema hiyo dawa ya zamani haiozi, na mboga huinyonya. Mama alimsikiliza mikono kiunoni.

"Ng'ombe walikuwa wanaoga hapo kila wiki na hawakukufa," alimwambia. "Hata sisi tulikuwa tunarushiwa hiyo maji."

Nilimkasirikia. Bado nimemkasirikia, na naona aibu, kwa sababu alichotaka ni mtoto ashibe tu.

Asubuhi nilimpeleka Cherop hospitali, wakamtoa damu ya kupima sumu. Alilia, kisha akanilalia begani. Majibu yatatoka Nairobi, hawakusema lini. Niliporudi nilichukua jembe nikaanza kung'oa bila kumwuliza mtu. Mama alinitazama kutoka dirishani, hakunikataza. Afadhali angenikataza, tugombane yaishe.

Badala yake alivaa gambuti akatoka mvuani. Nilidhani ameenda kununa kwa jirani. Kumbe anapita kwa wale akina mama wa kanisa, mlango kwa mlango, akiwaambia wasile mboga zile, na kwamba udongo ulitoka kwake. Mama yangu, ambaye sijawahi kumsikia akisema amekosea.

Niliogopa zaidi hapo kuliko hospitalini.

Amerudi amelowa chapachapa, ameketi karibu na jiko bila kuvua kitambaa cha kichwa. Halafu akaniuliza bila kunitazama:

"Huko kwa soko wanatoa udongo mbaya, wanaleta mwingine. Sasa mtoto, watamtoa nini?"

Nimemmiminia chai. Sasa naandika ili nisimwangalie usoni. Cherop amemshika gauni, anataka kulishwa.