Nani Anashika Ngazi?

Dada Furaha,

Jambo sana kutoka Masisi. Maziwa iko mingi, mvua haikatike, na niko na hasira, njo maana maandiko iko mubaya.

Leo nilikuwa natafsiria mwalimu mumoja wa formasyo, mafunzo ya kujitegemea, mu kambi ya wakimbizi ya Lushebere. Alichora ngazi ku karatasi kubwa, akasema kwa Kifaransa: "Kila mutu apande ngazi yake mwenyewe, asingojee mwenzake." Na mimi mujinga nikatafsiri vizuri, tena na kicheko.

Mama mumoja wa Walikale akasimama. Bwana yake alikuwa anapanda miti kutafuta asali. Akasema: "Kwetu mutu hapande kama hakuna mwenye anabakia chini kushika ngazi. Yetu nani anashika? Wenye walikuwa wanashika waliuawa."

Mwalimu akaniuliza: "Anashukuru?"

Nikamurudishia maneno yote, hata moja sikulainisha. Akaandika kitu, kisha akachora kamutu kanacheka kule juu ya ngazi. Chini hakuchora mutu.

Salimia Papa yetu. Asipande kufunga mabati peke yake. Umushikie ngazi, dada, na mikono yote mbili.

Mudogo wako, Neema