Pompe ya Gari Yako Nyekundu

Mama,

Gari yako inatembea. Nakuambia hiyo mbele ya habari zingine, juu najua ungeiuliza kwanza, kisha ungeuliza batoto.

Tulipomaliza kukuzika, ile gari ya turbo uliyonunua kwa muzungu wa shamba ya kahawa ilibaki katika parcelle, pale nyumbani, chini ya muti wa avoka. Siku mujomba Paluku, kaka yako, alipotaka kuitoa, ilikataa kuwaka. Akasema injini imekufa, imemufuata mwenyewe, tuiuzishe kama vyuma. Batu bote wakaitika. Kwenye matanga, mutu akisema neno la huzuni, linaonekana ni la kweli.

Mais mimi nilibaki na swali. Asubuhi, ukinipeleka masomo, ulikuwa unazungusha ufunguo kidogo tu, bila kuwasha, unanyamaza. "Sikiliza kwanza, Kavira." Nyuma, chini ya kiti, kitu kilikuwa kinavuma kama nyuki ndani ya chupa, halafu kinatulia. Ndipo unawasha. Nilikuwa nafikiri unasali.

Basi niliingia ndani ya gari, nikazungusha ufunguo vile ulikuwa unafanya. Kimya. Nikarudia. Kimya. Donc si injini, nikawaza. Ni ile nyuki.

Nikamuita Muhindo, fundi wako. Alitoa kiti cha nyuma, akagonga tanki na kipande cha muti. Ikavuma! Nikawasha, injini ikanguruma mpaka majirani wakatoka kuangalia. Kisha ikazima. Muhindo akasema ni pompe, ile inayosukuma esansi toka tanki mpaka kwenye injini. Imechoka.

Nikamuuliza pompe inaishi miaka ngapi. Akasema hakuna mutu anajua, inategemea na vile inakunywa. Nikamuomba aikate na msumeno, nione. Alinishangaa, mais alikata. Ndani kuna moteri ndogo kama ngumi ya mutoto, na vipande vya makaa vya kuipitishia umeme, vilivyoisha kabisa kwa kusuguana. Kwenye mudomo wake, kichujio kilikuwa kimejaa matope na kutu ya mabidoni wanamouzia esansi. Muhindo akanielezea kwamba pompe inaishi ndani ya esansi, na ni esansi ndiyo inaipoza. Tanki ikibaki karibu tupu, inaungua polepole.

Hapo nikaelewa. Mbele ya vita ulikuwa unajaza tanki mpaka juu. Basoda, wale askari wa kufunga barabara, walipoanza kunyonya esansi ya batu kwa kutumia mupira kwenye barieri, ukaanza kutia chupa chache tu, za kukufikisha. Ulikuwa unafika kwao unacheka, unafungua tanki mwenyewe: "Angalieni, baba, mimi pia ni masikini." Uliwashinda miaka yote ile, Mama, na pompe ndiyo ilikuwa inalipa. Nilikaa chini pale, nikacheka, kisha nikalia.

Muhindo alijaribu kwanza pompe ya gari ndogo. Kwenye barabara sawa, hakuna shida. Mais kwenye mulima, ukikanyaga, turbo inataka esansi mingi na kwa nguvu, na ile pompe haina kifua. Gari ilikohoa, ikasimama mbele ya soko yote. Mama mumoja wa mboga akasema, "Hata gari ya Mama Masika imekuwa yatima." Hakusema kwa ubaya. Alisaidia kusukuma.

Shoferi mumoja wa lori alienda Kampala na ile pompe ya zamani ndani ya mufuko, ili alinganishe, akarudi na ya nguvu ileile. Muhindo hakuiweka mara moja. Alishusha tanki, akaisafisha, akabadilisha filtre, kile kichujio. Alisema ukiweka mupya ndani ya matope ya zamani, itakufa kifo kilekile.

Barabara ya Beni ilipofunguka, nilijaza tanki nikaenda kumuchukua yaya Masika, mutoto wako wa kwanza, kule Beu, Beni. Unajua juma uliyokufa basoda walikuwa wameikata ile barabara. Alipata habari kwa mupita njia, ukiwa umeshazikwa.

Njiani, pale Kalunguta, mama mumoja wa maharagi aliona gari, akatua muzigo chini, akanyoosha mikono kukupokea. Nilipokaribia akaniona uso. Akainama, akabeba muzigo wake tena.

Masika alisikia injini toka ndani ya nyumba. Akatoka mbio, miguu mitupu, akasimama kwenye mulango.

"Nilifikiri..." akasema.

Njiani aliangalia vile nilikuwa naendesha. Kisha akaniuliza kama ulikuwa unapita pale polepole vile. Nikasema hapana.

"Basi endesha kama yeye."

Nikakanyaga. Turbo ikaamuka, miti ikaanza kukimbia, na Masika akashika dirisha, akalia kwa sauti, kile kilio alichokosa kukulilia siku ya maziko. Sikupunguza mwendo.

Kwenye kaburi alipiga magoti akakuongelesha Kinande, luga yetu, muda murefu. Mimi nilibaki mbali, karibu na gari, ili mubaki wawili. Sijui alikuambia nini. Natamani sana kujua, unanijua, mais sitamuuliza.

Nakuahidi hivi: kila mara barabara ikifunguka, nitaenda kumuchukua, akuambie yanayobaki.

Wasingya, asante, Mama. Pumzika.

Mutoto wako,
Kavira