Alama Niliyoambiwa Nifute

Mama yangu,

Shikamoo. Mguu umepona? Na dagaa, mnapata jua la kuanikia huko Ukerewe? Mimi ni mzima wa mwili hapa Mkolani.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu naitikia tu "ndiyo, mama", na simu yenyewe ni ya baba mdogo. Anasimama hapo hapo akisikiliza. Umeniambia nimwombe radhi. Siwezi. Nina hasira naye na sitaki kuificha.

Tangu nimalize kidato cha nne, mchana akiwa kazini alikuwa ananiachia kompyuta yake. Nikajiunga na tovuti ambako watu wa nchi nyingi wanajitolea kusoma taarifa za darubini iliyoko angani. Tunaletewa mchoro wa mwanga wa nyota. Mwanga ukififia kidogo kisha ukarudi, kama mtu aliyepita mbele ya karabai, huenda ni sayari imepita. Unaweka alama, unaandika ulichoona. Sheria ni kwamba kila mtu aangalie kwa macho yake.

Mwezi uliopita niliona nyota iliyofifia mara tatu, kwa nafasi zinazolingana. Nikaandika. Baba mdogo akasoma, akacheka. "Hayo ni makosa ya chombo. Futa, usituaibishe." Yeye ni mwalimu wa fizikia, mimi mtoto. Nikafuta.

Baada ya siku nne nikakuta nyota ile ile ameiandika yeye, kwa jina lake, na watu wanampongeza. Bibi mmoja wa Peru, aliyekuwa amesoma maneno yangu kabla sijayafuta, akauliza yule binti wa kwanza yuko wapi.

Unanijua, hata darasani sikuwa nanyoosha mkono. Nilikaa na swali lile siku nzima. Kisha nikajibu, "Ni mimi. Niliambiwa nifute."

Baba mdogo alirudi, hakuvua hata viatu.

"Umenivua nguo mbele ya dunia. Unakula ugali wa nani?"

Sasa kompyuta anaifungia kabatini, na shikamoo yangu haiitikii.

Ukisema nirudi, nitapanda meli. Nisalimie bibi, dada Neema na mwanawe, na mjomba wa pale mwaloni kwenye mitumbwi.

Adabu uliyonifundisha sijaitupa, mama. Kila asubuhi namwamkia mlangoni, ananipita akienda kazini. Kesho nitamwamkia tena. Lakini nilichokiona sikifuti mara ya pili.

Mwanao,
Nyangeta