Mama Alinusa Mpira, Akanyamaza

Alhamisi, Newala. Ukungu umetanda tangu asubuhi, na mimi nimeshona mkono wa gauni la mteja kinyumenyume. Akili haipo kwenye cherehani kabisa.

Shida ni rimu.

Korosho zilipouzwa, Baba Neema alifanya wanachofanya wanaume wengi wa huku msimu ukiwa mzuri: akaipamba gari. Rimu pana, zinang'aa mpaka kuku wanajitazama. Matundu ya nati yalilingana na ya zile za zamani, fundi akakaza, mume wangu akazunguka mjini peke yake na gari tupu, akarudi anapiga honi. Nami nilipiga vigelegele, nisijifanye mjanja.

Jana alikwenda Mkunya kumchukua mama yangu, ili kesho tumshushe Masasi kliniki ya macho. Safari hiyo gari ilijaa: mama nyuma, dada zangu pembeni yake, na mihogo kwenye buti. Walipofika, mama alimshukuru mkwewe macho yakiwa chini, akaingia ndani. Leo tukimenya mihogo ndipo akaniambia, taratibu, kwamba kila kwenye kona alisikia harufu ya mpira ukiungua chini ya kiti chake.

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Niseme nini, mwanangu? Gari ya mkwe haitolewi kasoro."

Nilitoka na tochi ya simu, nikalala chini pale uani na kanga yangu safi. Tairi la nyuma, upande wa ndani ambao hakuna anayeutazama, limelika mpaka nyuzi zimetokea. Gari ikibeba watu inakaa chini, tairi linasugua shokapu, ile nguzo ya kupunguza mtikisiko.

Baba Neema aliporudi nilimwonyesha. Akasema matundu si yamekaa, Mama Neema? Nikamwambia alifungue hilo gurudumu. Kijiwe cha pancha kiko jirani tu, tairi likavuliwa. Tukalaza rimu mbili kifudifudi mkekani, ya zamani na mpya. Nikaweka rula yangu ya kukatia nguo juu ya ukingo, nikashusha futi ya kupimia mpaka pale rimu inapokaa kwenye habu, kile kitovu inapofungiwa nati. Ile mpya ina kina zaidi kwa vidole viwili. Kina hicho chote kinalivuta gurudumu ndani, kuelekea shokapu. Jamaa wa pancha akasema hiyo ndiyo habari ya ofseti: ile sehemu ya kukaa kwenye habu iko umbali gani kutoka katikati ya rimu, na upande upi.

Magari siyajui. Ila najua nguo mbili zinaweza kulingana kiuno, na moja ikakubana kifua mpaka ukose pumzi.

Mume wangu alikaa chini na suruali yake ya kazini.

"Alinusa tangu Mkunya?"

"Tangu Mkunya."

Akainuka, akakung'uta suruali. Kisha akasema gari haitoki, rimu za zamani zipo ila matairi yake alishampa mdogo wake wa Tandahimba, kwa hiyo kesho mama atapanda basi. Na akaniomba nimwambie mama kwamba betri imekufa.

Hapo ndipo moyo wangu ulipokataa, na mpaka sasa haujatulia. Nauwaza ule mteremko wa kushuka Masasi, kona zake, gari imejaa, mama yangu nyuma amekalia lile tairi. Angenusa tena. Angenyamaza tena. Tungemzika na adabu yake.

Na sasa nimdanganye kuhusu betri? Najua atasema "haya, mwanangu," na siku nyingine akinusa kitu atadhani ni uzee.

Sitaki. Asubuhi, kabla hatujaenda stendi, nitamwambia: mama, ulinusa kweli. Baba Neema akiona aibu mbele ya mkwewe, asimame nje ya mlango.

Ila asikie.