Kifuniko cha Chupa Yako

Baba yangu mpendwa,

Leo nimefungua kabati la chini ya ngazi nikaikuta chupa yako ya mwisho. Nimeketi nayo jikoni hapa Kenton, ughaibuni, sijui niifanyeje, basi nakuandikia wewe mwenyewe.

Unakumbuka ulivyoanza? Miguu ilikuwa ikikuwaka moto, dawa za daktari zikikulewesha bila kukulaza, nawe ukapanda mche mmoja wa bangi katikati ya nyanya zako, kwenye kile kibanda cha vioo bustanini. Ukaniambia ni mboga. Mimi nesi, Baba, ukaniambia ni mboga. Nilikasirika kweli. Nilikueleza kwamba polisi wakibisha hodi, leseni yangu ya unesi imekwenda na maji, na kazi niliyoihangaikia imeisha. Ulinisikiliza hadi mwisho, kisha ukaniuliza kama nina chupa tupu za kuyahifadhi majani yakishakauka.

Ulikuwa umeuza viungo Mombasa maisha yako yote, na kwa vyombo hukuwa na mchezo. Kopo langu la aiskrimu ulilikataa hata bila kulishika. Plastiki ina tamaa, ulisema, inakula harufu ya mali. Bati la biskuti ulilirudishia sindano na nyuzi zangu. Ukachagua chupa za achari alizotuletea jirani yetu Kusumben, mama wa Kihindi mzaliwa wa Kisumu. Ulizichemsha, ukazianika juani kifudifudi, ukazinusa mojamoja ukaridhika. Vifuniko uliviosha kwa sabuni tu.

Baada ya siku chache ulifungua ya kwanza, jiko zima likanuka embe, haradali na uwatu. Mavuno yako yote yamegeuka achari! Na papo hapo Kusumben akaingia kufuata bakuli lake. Aliyatazama majani mezani, akatutazama sisi.

“Achari yenu imechacha, mzee,” akasema. “Funga vizuri, harufu inafika kwangu.”

Akachukua bakuli akaenda zake, na hakumwambia mtu. Mimi nilicheka hadi machozi. Wewe ulinuna, ukageuza kifuniko mkononi.

“Mwanangu, kioo husahau,” ukasema. “Kifuniko hakisahau.”

Kesho yake nilipanda treni hadi Edgware Road, nikakununulia chupa mpya za kioo, zenye midomo mipana na vifuniko vyake vipya. Nilikuwekea mezani, nawe ulielewa nimeamua nini. Hofu haikuniisha. Kila gari lililosimama nje, nilichungulia dirishani. Lakini ulilala, Baba. Asubuhi nikitoka kwenda zamu nilipita mlangoni pako nikasikia unakoroma, nikaenda kazini na moyo mweupe.

Sasa napita mlango huohuo na hakuna anayekoroma. Nina hamu nawe, hata na uwongo wako wa mboga.

Nimeiacha kalamu kwa muda, nikayamwaga majani yaliyobaki kwenye udongo wa nyanya zako. Chupa nimeichemsha na kuianika kifudifudi kama ulivyonifunza, kisha nikainusa. Ni kweli, kioo kimesahau. Kifuniko nimekinusa mara moja tu, nikakitia mfukoni.

Kusumben ameiomba chupa atilie achari ya ndimu, nami nitampa. Kifuniko atafute chake.

Lala, Baba, miguu ipoe.

Binti yako,
mwenye kopo la aiskrimu